Macbeth na Swali la Mrithi

Wengi waliokutana na tanzia ya Macbeth shuleni, iwe kwa Kiingereza cha Shakespeare au katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, waliambiwa kuwa ni kisa cha uchu wa madaraka. Shujaa wa vita anasikia utabiri wa wachawi, mkewe anamchochea, anamwua mfalme aliyelala kwake kama mgeni, na damu ile inamwandama hadi kichwa chake kinakatwa. Si uongo. Lakini uchu hautoshi kueleza kwa nini mtu huyu anaua zaidi baada ya kupata alichokitaka. Mchezo huu unahusu zaidi nchi isiyojua kiti kinarithiwaje, na historia yake inaonyesha hivyo.

Katika Uskoti ya karne ya 11, kiti hakikumwendea mtoto wa mfalme moja kwa moja. Kilimfuata mwanamume mzima mwenye nguvu kutoka matawi ya ukoo wa kifalme, na mara nyingi aliyekipata alikuwa amemwua aliyemtangulia. Malcolm II aliivunja desturi hiyo alipomwachia kiti Duncan, mtoto wa binti yake, mwaka 1034. Miaka sita baadaye Duncan aliuawa na watu wa Macbeth karibu na Elgin, vitani, wala si kitandani. Macbeth akatawala miaka 17. Mwaka 1050 alikwenda kuhiji Roma, na imeandikwa kuwa huko aliwamwagia maskini fedha; mtawala anayeogopa kupinduliwa haachi nchi yake kwa safari ya namna hiyo.

Shakespeare hakuyapata haya yote, ila alikuwa na kitabu cha historia cha Raphael Holinshed mezani, na alichokipunguza humo kina maana kuliko alichokiongeza. Holinshed anaeleza kwamba Duncan alipomteua mwanawe Malcolm, Macbeth alikuwa na hoja: kwa sheria ya kale, mrithi akiwa bado mdogo, ndugu wa karibu ndiye hushika utawala. Anaeleza pia kwamba Macbeth alitawala vizuri kwa miaka kumi. Jukwaani uteuzi wa Malcolm umebaki, lakini ile sheria imefutwa, na ile miaka kumi pia.

Mtu atasema hapo hapo kwamba ushahidi huu unanigeuka: mwandishi aliondoa malalamiko halali ili ibaki tamaa tupu, na Macbeth mwenyewe anakiri kuwa hana kingine kinachomsukuma. Hoja hiyo ina uzito, lakini inaishia kwenye kutawazwa kwake. Baada ya taji kukaa kichwani, Macbeth haombi ardhi, mali wala sifa. Kinachomkereketa ni kwamba ameichafua roho yake ili watoto wa Banquo, shujaa mwenzake, waje kutawala kama wachawi walivyotabiri, ilhali yeye hana wa kumrithi. Kuanzia hapo upanga wake unawaelekea watoto: Fleance mwana wa Banquo anaponyoka gizani, mwana wa kabaila Macduff anauawa mbele ya mama yake. Tamaa ilimfikisha kwenye kiti. Swali la nani atakikalia baada yake ndilo linalomfanya dhalimu.

Hadhira ya mwaka 1606 hivi ililijua swali hilo vizuri. Elizabeth I hakuolewa wala hakuzaa, na sheria ya 1571 ilifanya kuwa kosa kutangaza kwa maandishi kwamba fulani ndiye mrithi wake. Alipofariki mwaka 1603, kiti kilimwendea James wa Uskoti, na Novemba 1605 wapinzani walikaribia kumlipua kwa baruti pamoja na Bunge lake. James alidai kuwa wa uzao wa Banquo, mtu ambaye inaelekea alibuniwa katika historia ya Hector Boece ya mwaka 1527. Ndiyo maana Banquo, ambaye kwa Holinshed alishiriki kumwua Duncan, jukwaani ametakaswa. Je, basi mchezo mzima si kumpaka mfalme mafuta kwa mgongo wa chupa? Kwa sehemu ndiyo. Gwaride la wafalme wanane wanaoonyeshwa na wachawi linalingana na wafalme wa ukoo wa Stuart kuanzia Robert II hadi James mwenyewe, mradi umruke mama yake, Malkia Mary, aliyekatwa kichwa Uingereza mwaka 1587.

Lakini msifiaji wa kweli angelifunga jambo, na Shakespeare amelifungua. Malcolm anashika kiti kwa msaada wa askari elfu kumi wa Kiingereza chini ya mjomba wake Siward, anagawa vyeo vipya, na kuwaalika wote Scone kwenye kutawazwa kwake. Utabiri mwingine wote umetimia, isipokuwa ule wa uzao wa Banquo. Ili nao utimie, ukoo wa Malcolm lazima siku moja ukipoteze kiti kile. Kuhusu Fleance, aliyekimbia katika tendo la tatu, mchezo hausemi yuko wapi.