Wembe wa Babu Bado Unanyoa

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Walisema pia kwamba mtoto akililia wembe, mpe. Chombo kilichoingia katika methali namna hii si chombo kidogo. Lakini ni wangapi kati yetu wanaojua wembe wanaoutumia asubuhi ulianzia wapi, nani aliutengeneza, na kwa nini kishikio cha babu kilidumu miaka hamsini wakati hiki chetu cha plastiki hakimalizi wiki? Wiki hii nataka tuzungumze juu ya jambo hilo.

Niseme mapema kwamba katika suala hili mimi si mtazamaji tu. Ninakusanya vishikio vya wembe vya zamani, vile vya chuma ambavyo wembe mwembamba wenye makali pande mbili hulazwa katikati na kubanwa kwa skrubu. Ninavyo kumi na kimoja. Vingine nimevipata kwa wauza vyuma chakavu, vingine vimetoka katika masanduku ya wazee waliofariki, ambayo warithi waliyaona kuwa ni takataka. Ninavisafisha, ninavitengeneza, na kila asubuhi ninachagua kimoja na kunyolea ndevu. Jirani zangu huniuliza kama nimekosa fedha za kununua wembe wa kisasa. Jibu langu ni refu kidogo, ndiyo maana nimelileta hapa.

Tuanze na historia. Zamani mwanamume wa Ulaya au Marekani aliyetaka kunyoa ndevu alikuwa na njia mbili. Aende kwa kinyozi, au ajinyoe mwenyewe kwa wembe mrefu wa kukunja, ambao ulitaka kupitishwa juu ya mkanda wa ngozi kila siku na kunolewa kwenye jiwe kila baada ya muda. Mkono ukitetemeka kidogo, damu. Watu walijaribu mapema kuutia adabu wembe huo. Mfaransa Jean-Jacques Perret, mtengenezaji wa visu, aliandika juu ya kujinyoa mwenyewe mwaka 1769, na alibuni wembe uliozungushiwa kinga ya mti ili usizame katika ngozi. Mwaka 1847 Mwingereza William Henson alipata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa ajili ya wembe uliokaa kama jembe na mpini wake. Mwaka 1880 ndugu wa familia ya Kampfe huko New York nao wakapata hataza ya wembe wenye kinga. Hao wote walipunguza majeraha. Lakini kazi ya kunoa ilibaki pale pale.

Ndipo akatokea Mmarekani aliyeitwa King Camp Gillette. Asikudanganye mtu kwamba alikuwa mfalme. King ni jina alilopewa na wazazi wake alipozaliwa mwaka 1855 katika jimbo la Wisconsin. Alikuwa mchuuzi wa kusafiri, akiuza bidhaa za kampuni ya vizibo vya chupa, vile vya bati ambavyo mpaka leo tunaving'oa tunapofungua soda. Mwenye uvumbuzi wa vizibo hivyo, William Painter, alimpa ushauri: buni kitu ambacho mtu atakitumia na kukitupa, ili arudi kununua kingine. Gillette akalitafakari neno hilo kwa miaka. Siku moja ya mwaka 1895, akiwa mbele ya kioo na wembe wake butu mkononi, akapata jibu: badala ya kunoa chuma kizito, kwa nini usitengenezwe wembe mwembamba kama karatasi, ukiisha makali unatupwa?

Wazo lilikuwa jepesi, kazi ilikuwa nzito. Wataalamu wa chuma walimwambia kwamba bamba jembamba kiasi hicho haliwezi kutiwa ugumu wa kushika makali bila kupinda. Miaka ikapita. Aliyelifungua fundo hilo ni mhandisi William Nickerson, ambaye alibuni njia na mashine za kuutia wembe huo ugumu na kuunoa. Kampuni ikaundwa huko Boston mwaka 1901. Mwaka 1903, mwaka wa kwanza wa mauzo, waliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Msikilizaji, nadhani muuza karanga wa stendi angewacheka. Lakini mwaka 1904 waliuza vishikio zaidi ya 90,000, na tarehe 15 Novemba mwaka huo hataza ya Gillette ikatolewa.

Hapa kuna hadithi moja inayopenda kusimuliwa katika semina za biashara. Husemwa kwamba Gillette aligawa vishikio bure, au kwa bei ya kutupa, ili apate fedha katika nyembe. Historia haisemi hivyo. Kishikio chake kiliuzwa dola tano, sehemu kubwa ya mshahara wa wiki wa mfanyakazi wa kiwandani enzi hizo, na wakati wote hataza ilipokuwa inamlinda hakukubali kukishusha. Bei ilishuka mwaka 1921, hataza ilipofikia mwisho na kila mwenye kiwanda akawa huru kuiga. Hapo ndipo kampuni ilipoanza kuuza kishikio cha mtindo wa zamani kwa dola moja. Kwa hiyo kilicholeta bei nafuu kwa mnunuzi ni ushindani, wala si ukarimu wa tajiri. Ni vyema tukalikumbuka hilo kila tunapoambiwa kwamba kampuni fulani inatupa kitu bure.

Jambo jingine lililoueneza wembe huo ni vita. Marekani ilipoingia katika Vita Kuu ya Kwanza, serikali yake iliagiza vishikio milioni 3.5 pamoja na nyembe zake kwa ajili ya askari. Vijana waliozoea kwenda kwa kinyozi walifundishwa kujinyoa wenyewe handakini, wakarudi nyumbani na vishikio mfukoni na mazoea mapya. Baadaye, mwaka 1937, kampuni ikafungua kiwanda kikubwa magharibi ya London. Tulikuwa chini ya utawala wa Mwingereza, na bidhaa zake ndizo zilizojaa madukani. Ndiyo sababu vishikio vingi vya wazee wetu, ukivigeuza chini, vina maandishi kwamba vilitengenezwa Uingereza. Katika vile kumi na kimoja vya kwangu, saba ni vya huko.

Sasa niseme juu ya Gillette mwenyewe, maana hapa ndipo panaponishangaza zaidi. Mtu huyu, ambaye picha yake yenye masharubu mazito ilichapishwa katika karatasi za nyembe mamilioni kwa mamilioni duniani, hakuupenda ubepari. Mwaka 1894, kabla hajawaza habari ya wembe, aliandika kitabu akisema ushindani wa biashara ndio chanzo cha umaskini na uhalifu. Alitaka viwanda vyote viwe shirika moja la watu wote, na Wamarekani karibu wote wahamie katika mji mmoja mkubwa karibu na maporomoko ya Niagara, ambayo yangewapa umeme. Hata alipotajirika hakuiacha ndoto hiyo. Mwaka 1910 alimwomba Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, awe mkuu wa shirika hilo la dunia kwa malipo ya dola milioni moja. Roosevelt alikataa.

Tazama basi mambo ya dunia. Aliyechukia ubadhirifu wa ushindani ndiye aliyetufundisha kutupa. Aliyetaka mali iwe ya wote alipata mali nyingi kwa hataza iliyowazuia wote. Na mwisho wake haukuwa mtamu. Mwaka 1930 kampuni iliungana na mshindani wake, Henry Gaisman, baada ya ugomvi wa hataza, na hesabu zilipokaguliwa ikaonekana faida za miaka ya nyuma zilikuwa zimetiwa chumvi. Gillette alifariki mwaka 1932, mdororo mkuu wa uchumi ukiwa umekwisha kula sehemu kubwa ya utajiri wake.

Lakini kishikio chake hakikufa. Wembe wa pande mbili utakaoununua leo katika duka la mtaani kwenu unaingia katika kishikio cha mwaka 1904 na kunyoa vizuri. Sababu yake ni ile ile: hataza ilipokwisha, viwanda vya nchi nyingi vilitengeneza nyembe za umbo moja, na umbo hilo likawa mali ya dunia nzima. Baada ya hapo biashara ikajifunza. Mwaka 1971 Gillette wakatoa kichwa chenye nyembe mbili zilizofungwa pamoja. Katika miaka ya 1970 hiyo hiyo kampuni ya Bic ya Ufaransa ikaleta wembe wa plastiki unaotupwa wote, kichwa na mpini. Mwaka 1998 zikaja nyembe tatu katika kichwa kimoja, mwaka 2006 tano. Mara nyingi kichwa cha aina moja hakiingii katika mpini wa aina nyingine, na vichwa vinne vya aina hiyo vinaweza kumgharimu mtu zaidi ya nyembe za mwaka mzima za kishikio cha babu. Watu wa kwetu husema wembe ni ule ule. Katika hili, ndugu yangu, wembe si ule ule.

Kuna na suala la ngozi. Wengi wetu tuna ndevu za kujisokota. Madaktari wa ngozi wanaeleza kwamba kichwa chenye nyembe nyingi huvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, kisha unywele huo unapoota hujipinda na kuichoma ngozi kutoka ndani. Hapo ndipo vinapotokea vile vipele vya shingoni na kidevuni. Wembe mmoja, ukipitishwa taratibu kufuata mwelekeo wa ndevu, hauendi chini kiasi hicho. Kwangu mimi vipele vimepungua sana.

Pengine kuna msikilizaji ambaye nyumbani kwake kimo kishikio cha namna hiyo, kimejaa ukoko wa sabuni. Usikitupe. Kiloweke katika maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo usiku mmoja, kisha kisugue kwa mswaki wa zamani. Usikichemshe wala usikiache katika siki, maana nikeli iliyopakwa juu ya shaba huweza kuharibika. Ukiona rangi ya dhahabu, usiiguse kwa dawa ya kung'arishia shaba. Dhahabu hiyo ni nyembamba mno na itatoka yote. Nimeviona vishikio vingi vilivyovuliwa nguo kwa namna hiyo. Kama ni kile kinachofunguka juu kama milango miwili, tone moja la mafuta ya cherehani linatosha. Halafu kitie katika spiriti ya hospitali, kikauke, uweke wembe mpya. Na ukitaka kujua umri wake, tafuta herufi na namba ndogo chini ya kichwa. Kwa vile vilivyotengenezwa Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1950, herufi ni mwaka na namba ni robo ya mwaka. Kimoja changu kina A na 2, maana yake robo ya pili ya mwaka 1955.

Wakati wa kunyoa, lowesha ndevu kwa maji ya moto, paka povu kwa brashi, ulaze mpini mpaka wembe uguse ngozi kwa mshazari, na usikandamize. Uzito wa shaba unatosha kufanya kazi. Wenye haraka ndio wanaojikata.

Nina maonyo mawili, na hayo si ya mchezo. La kwanza, kishikio unaweza kukirithi, wembe haurithiwi wala hauazimwi, hata kwa mtoto wako. Wembe wenye damu ya mtu mwingine unaweza kukupa homa ya ini, na haufai kuchangiwa katika dunia yenye UKIMWI. La pili, wembe uliotumika usiutupe ovyo. Nyumba nyingi za Marekani zilijengwa na tundu dogo katika kabati la bafuni, nyembe zikitumbukizwa humo ziangukie ndani ya ukuta, na mpaka leo wanaobomoa nyumba hizo hukuta malundo ya nyembe zenye kutu. Sisi hatuna ukuta wa namna hiyo. Tunatupa jalalani, na jalalani wapo watoto wanaocheza na watu wanaookota vyuma ili wapate kula. Chukua kopo tupu la maziwa, lipasue mfereji mwembamba juu, tumbukiza humo. Likijaa, lipondeponde mdomo uzibe.

Ndugu msikilizaji, simwambii mtu arudi enzi za babu. Ninachosema ni kwamba chombo kinachofunguka kwa mkono, kinachosafishwa kwa maji na sabuni, na ambacho kiwanda chochote kinaweza kukitengenezea kipuri, ni chombo cha mwenye nacho. Kile kisichokubali kipuri isipokuwa cha mwenye kampuni, hata ukikilipia, bado hakijawa chako. Swali hilo ulichukue unapokwenda kununua redio, jiko, simu au baiskeli. Muulize muuzaji: kikiharibika, nani atakitengeneza? Akikosa jibu, zako tia maji.