Kwa nini miamba ya Bukoba na Muleba si matumbawe

WAKAZI wa Bukoba na Muleba wanaishi kando ya ziwa lenye visiwa na miamba mingi. Miamba hiyo, hata hivyo, haina asili moja na ile ya matumbawe inayopatikana Mafia na Unguja.

Mwamba wa matumbawe hujengwa na viumbe hai. Tumbawe ni mnyama mdogo wa baharini anayechukua madini ya chokaa katika maji ya chumvi na kujijengea kiunzi kigumu. Akifa, kiunzi hubaki na wengine hujenga juu yake. Mwilini mwake huishi mwani mdogo sana unaomlisha kwa msaada wa mwanga wa jua. Ndiyo maana hustawi katika maji ya chumvi, yenye joto na maangavu. Ziwa Victoria halina chumvi hiyo.

Miamba ya Bukoba ni ya mchanga ulioshikamana na kuwa jiwe zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita. Ziwa lenyewe ni changa. Inakadiriwa kuwa miaka 400,000 hivi iliyopita, ardhi ya magharibi iliinuka na kuzuia mito iliyotiririka kuelekea huko, ukiwamo Kagera. Maji yakajaa bondeni, na sehemu za juu zikabaki kuwa visiwa, kama Musira mbele ya mji wa Bukoba na Bumbire wilayani Muleba.

Pamoja na tofauti hiyo, miamba ya ziwani huwahifadhi samaki kama yafanyavyo matumbawe. Furu wa miambani hujificha katika nyufa zake, na baadhi yao hula mwani unaoota juu ya mawe. Ziwa hili limekuwa na aina zaidi ya 500 za furu, lakini nyingi zilitoweka katika miaka ya 1980 baada ya sangara, aliyepandikizwa tangu miaka ya 1950, kuongezeka.

Hatari nyingine ni maji kuchafuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 1997 ulionyesha kuwa maji yakiwa na tope, furu jike hushindwa kumtambua dume wa aina yake kwa rangi, na aina tofauti huchanganyika hadi kupotea.

Hivyo, udongo, mbolea na majitaka yanayoingia ziwani hayaliharibu jiwe, bali huwaangamiza samaki wanaolitegemea. Maji maangavu ni uhai kwa tumbawe la Mafia, na kwa furu wa Muleba pia.