Ukuta wa Hadrian: Mpaka wa Roma Uliokutanisha Mataifa

Mwaka 122 baada ya Kristo, Kaisari Hadrian alifika Uingereza, jimbo la mbali kabisa kaskazini mwa dola ya Roma. Alikwishaziachia nchi za mashariki zilizotekwa na mtangulizi wake, Trajan, kwa kuwa alitaka mipaka inayolindika. Huko kaskazini ulijengwa ukuta wa kilomita 118 hivi, uliokatiza kisiwa kutoka Wallsend, kwenye Mto Tyne, hadi Bowness, kwenye ghuba ya Solway. Mwandishi wa kale aliyesimulia maisha ya Hadrian alidai kuwa lengo lilikuwa kuwatenga Warumi na washenzi. Wanaakiolojia waliochimba kando ya ukuta huo wamegundua kwamba mpaka uliokusudiwa kutenga watu uliwakutanisha watu wa mabara matatu.

Waliojenga ni askari wa lejioni tatu, ya Pili, ya Sita na ya Ishirini, chini ya Gavana Aulus Platorius Nepos. Upande wa mashariki walitumia mawe, na msingi ukapimwa kwa ukuta wenye unene wa mita tatu. Kazi ikiwa bado inaendelea, unene ulipunguzwa, na hata leo mahali pengine ukuta mwembamba umekaa juu ya msingi mpana. Upande wa magharibi ulijengwa kwanza kwa mabonge ya udongo wenye nyasi, kisha ukaja kujengwa upya kwa mawe. Kila baada ya maili moja ya Kirumi, yaani kilomita moja na nusu hivi, paliwekwa ngome ndogo yenye lango, na kati ya ngome na ngome minara miwili ya ulinzi. Baadaye ziliongezwa ngome kubwa za vikosi kamili, kama Housesteads na Chesters.

Malango hayo yana maana kubwa. Mtu anayetaka kuufunga mpaka kabisa hajengi malango kila maili. Ndiyo maana wataalamu wengi wanaona kwamba ukuta ulifanya pia kazi ya kizuizi cha forodha: watu, mifugo na bidhaa vilipita chini ya macho ya askari.

Wajenzi walipoondoka, ulinzi ulibaki mikononi mwa vikosi vya wasaidizi vilivyoundwa kwa watu wa majimbo. Walikuwako Watungri kutoka Ubelgiji ya leo na wapiga mishale wa Hama, Syria. Kutoka Afrika Kaskazini kilikuja kikosi cha Wamauri, kilichokaa Burgh-by-Sands katika karne ya tatu. Tunalijua hilo kwa sababu maandishi yao kwenye jiwe yalipatikana karibu na hapo.

Afrika ilitoa pia viongozi. Mwaka 142, Kaisari Antoninus Pius alipousogeza mpaka kaskazini na kujenga ukuta mwingine katika Scotland ya leo, gavana aliyesimamia kazi alikuwa Quintus Lollius Urbicus, mzaliwa wa Algeria ya leo. Ukuta huo uliachwa baada ya miaka ishirini hivi, na askari wakarudi kwenye ule wa Hadrian. Septimius Severus, kaisari mzaliwa wa Leptis Magna, Libya, aliukarabati sana hata waandishi wa baadaye wakaamini ni yeye aliyeujenga. Alifia York mwaka 211.

Ugunduzi mkubwa kuliko yote ulitokea Vindolanda, ngome iliyotangulia ukuta wenyewe. Mwaka 1973, mwanaakiolojia Robin Birley alifukua vipande vyembamba vya mbao vyenye maandishi ya wino, vilivyohifadhiwa na udongo uliolowa maji na kukosa hewa. Humo mna hesabu za askari, orodha za vyakula, hata habari za soksi na nguo za ndani zilizotumwa. Mnamo mwaka 100 hivi, Claudia Severa, mke wa ofisa, alimwalika rafiki yake Sulpicia Lepidina kwenye sherehe ya kuzaliwa kwake, na maneno ya mwisho aliyaandika kwa mkono wake. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kilatini yanayojulikana kuandikwa na mwanamke.

Utawala wa Roma ulipokoma Uingereza mwanzoni mwa karne ya tano, wenyeji walibeba mawe ya ukuta kujengea makanisa na nyumba za mashambani. Baada ya uasi wa 1745 dhidi ya mfalme wa Uingereza, serikali ilijenga barabara ya kijeshi, ikaipitisha kwa kilomita nyingi juu ya ukuta wenyewe. Mwanasheria John Clayton wa Newcastle alianza katika miaka ya 1830 kununua ardhi yenye ukuta ili kuuokoa, na sehemu nyingi zinazotembelewa leo zimesalia kwa jitihada zake. UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 1987.

Huko South Shields limehifadhiwa jiwe la kaburi la Victor, Mmauri aliyekufa akiwa na miaka ishirini. Alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na Numerianus, askari wa farasi, ambaye jiwe lasema alimzika kwa upendo. Walimu wetu wa historia na wamtaje darasani. Habari za Waafrika barani Ulaya zina umri mkubwa kwa karne nyingi kuliko meli za utumwa za Atlantiki, na ushahidi wake umechongwa kwenye mawe.