Mungu Ajua Yote, Lakini Hatulazimishi

Wakristu wengi wameuliza, na hata leo wauliza: «Kama Mungu ajua tangu milele nitakayotenda kesho, mimi nawezaje kutenda mengine?» Mlevi hujibu hivyo mkewe akimwonya. Kijana aliyeacha masakramenti hujibu hivyo katekista akimwita. Hata methali huletwa kuwa shahidi: Ajali haina kinga. Wapenzi wasomaji, swali hilo ni la kale. Tutazame jinsi lilivyowasumbua watawa wa Afrika ya Kaskazini, zaidi ya miaka 1.500 iliyopita, na jinsi Mtakatifu Augustino alivyowajibu.

Mji wa Hadrumetum ulikuwa pwani ya nchi iitwayo leo Tunisia. Siku hizi huitwa Sousse. Hapo palikuwa na nyumba ya watawa, na mkubwa wao alikuwa Valentinus. Mtawa mmoja, jina lake Florus, alikwenda kwao Uzalis pamoja na mwenziwe Felix. Huko wakakuta barua ndefu ambayo Augustino, Askofu wa Hippo, alimwandikia padri Sixtus wa Roma yapata mwaka 418. Barua hiyo ilipinga mafundisho ya Pelagius, aliyesema kwamba mtu aweza kushika amri za Mungu kwa nguvu zake mwenyewe, bila neema ya kumsaidia moyoni. Wakainakili, na Felix akaipeleka kwa wenzake.

Ikawa kama cheche ya moto katika majani makavu. Wengine walisema: neema hutenda yote, hiari ya mtu si kitu. Wengine walijibu: ikiwa ni hivyo, siku ya hukumu Mungu atamlipa mtu kwa matendo gani? Valentinus hakupata habari mpaka ugomvi ulipokwisha kukua. Mwishowe, yapata mwaka 426, watawa wawili vijana, Cresconius na Felix, walishika njia kwenda Hippo, mji uitwao leo Annaba, katika Algeria.

Augustino alikuwa mzee wa miaka zaidi ya 70, mwenye kazi nyingi. Hata hivyo hakuwafukuza. Aliwakalisha kwake mpaka Pasaka ikapita, akawasomea na kuwaeleza, akawaandikia watawa wa Hadrumetum kitabu juu ya neema na hiari. Aliwafundisha wasiache hata moja katika hayo mawili. Mungu ametupa amri. Nani humwamuru mtu asiye na hiari? Tena ametufundisha kusali. Nani huomba kitu alicho nacho tayari kwa nguvu zake? Amri zashuhudia hiari, na sala yashuhudia neema.

Lakini mtu mmoja huko akatoa neno jipya: ikiwa kutenda mema ni kipaji cha Mungu, basi wakubwa wasitukaripie tunapokosa, watuombee tu. Neno hilo lafanana na sala, kumbe ni pango la kujifichia. Augustino akaandika kitabu cha pili, juu ya maonyo na neema. Alieleza kwamba kosa ni la mkosaji mwenyewe, na kwamba uchungu wa kuonywa waweza kumwamsha aombe msaada. Tena sisi hatujui nani atadumu mpaka mwisho. Kwa hiyo imetupasa kumwonya kila mtu kwa mapendo, tukitumaini wokovu wake.

Na juu ya Mungu kujua mambo kabla hayajatokea? Augustino alikwisha kulieleza jambo hilo katika kitabu chake juu ya hiari, alichokianza Roma mwaka 388 na kukimaliza Afrika yapata mwaka 395. Humo azungumza na rafiki yake Evodius, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa mji ule ule wa Uzalis. Anasema: wewe wakumbuka mambo yaliyopita, lakini kukumbuka kwako hakukuyalazimisha yatokee. Vivyo hivyo, Mungu kuyajua yajayo hakuyalazimishi. Tena ajua kwamba yale ya hiari yatatendwa kwa hiari.

Tumtazame Petro. Bwana wetu Yezu Kristu alimwambia mbele kwamba atamkana mara tatu. Neno lile halikumsukuma Petro. Alishindwa na hofu yake mwenyewe mbele ya mjakazi. Lakini usiku ule ule Bwana alikuwa amekwisha kumwombea, na baadaye aligeuka akamtazama. Petro akatoka nje, akalia. Bwana alijua, Bwana aliomba, Bwana alionya kwa macho tu. Na machozi yalikuwa ya Petro mwenyewe.

Jinsi neema na hiari zinavyoungana ni fumbo kubwa. Wadominiko na Wajezuiti walibishana miaka mingi juu yake, na mwaka 1607 Papa Paulo V aliacha kila upande ushike maelezo yake, akakataza wasishutumiane. Lakini wajibu wetu si fumbo. Mungu ajua leo kama shamba la mihogo litazaa. Hata hivyo mkulima haachi jembe ukutani kwa sababu hiyo. Mbona basi tuache magugu yamee rohoni mwetu? Mzazi na amwonye mtoto wake, na akiisha kumwonya apige magoti amwombee. Naye anayeonywa asijifiche nyuma ya ujuzi wa Mungu. Mungu ajuaye udhaifu wetu ndiye anayetuita leo turudi, na jibu latungojea sisi.