Namba za Tanga

Nikitoka Pongwe kwenda mjini huwa nashuka Ngamiani, kwenye mitaa ya namba: barabara ya 8, ya 9, ya 10, baiskeli kila kona. Namba tumezizoea huku. Mkonge ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 ulitaka mikono, na mikono ikatoka mbali: Songea, Kigoma, mpaka Burundi. Wakaitwa manamba, maana kila mtu shambani alikuwa na namba yake. Vitabu nilivyosoma vinahesabu mpaka miche ya Hindorf iliyosalimika, 62 basi. Majina ya manamba sijayaona humo. Wajukuu wao ndio hawa tunaokunywa nao kahawa jioni. Ukiwauliza kwao wapi, wanakushangaa: “Si hapa hapa Pongwe!”