Unyofu wa Moyo Katika Nchi ya Karagwe

Neno ikhlasi na neno halisi yana asili moja katika Kiarabu, nayo ni usafi wa kitu kisichochanganywa. Twasema asali halisi. Na mtu wa ikhlasi ni yule ambaye moyo wake haukutiwa maji. Lakini moyo hauonekani. Basi kila zama zimetafuta njia yao ya kuupima, na nchi ya Karagwe, ambayo tangu 2012 ina wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa, yatupa mfano mzuri.

Wanyambo, kama jirani zao Wahaya, waliupima kwa omukago. Watu wawili wasio ndugu walichanjwa tumboni, wakatwaa buni mbili zilizokaa pamoja ndani ya tunda moja la kahawa. Kila mmoja akaitia yake katika damu yake, na mwenziwe akaimeza. Tangu siku hiyo njaa ya mmoja ilikuwa njaa ya wote wawili, na msaliti aliiogopa damu iliyomo tumboni mwake mwenyewe. Hakuna aliyeulizwa ana hisia gani. Unyofu ulikuwa ni kutimiza, na kuhifadhi siri ya rafiki kulikuwa sehemu yake.

Hata Mukama alipimwa hivyo. Novemba 1861 Rumanyika aliwapokea Speke na Grant kwa ukarimu. Na Grant, aliyeugua mguu, alibaki kwake hadi Aprili 1862. Rumanyika alikuwa na haja yake: alitaka dawa ya kumshinda nduguye Rogero, wala hakuificha. Wako watakaosema kwamba ukarimu wenye haja si unyofu. Sisi twaona kuwa hukumu hiyo ni ya zama za baadaye.

Zama hizo zililetwa na dini, hasa uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukawafikia Walutheri wa upande huu. Abalokole, yaani waliookoka, walisimama mbele ya watu wakazitaja dhambi zao: wizi, uzinzi, chuki. Wazee waliona haya, maana mambo ya nyumbani hayakuwa ya kuanikwa. Aliyekuwa mnyofu kwa kufunga kinywa sasa aliitwa mnafiki. Hata hivyo Abalokole nao waliunda undugu uliovuka koo, kazi ile ile ya omukago. Ila kwao damu ilikuwa ya Yesu.

Baadaye TANU iliwataka wanachama wake waahidi kusema kweli, na aliyepewa ahadi hiyo ni taifa zima.

Na buni je? Leo hupimwa kwa mizani ya ushirika. Lakini liko jambo liitwalo butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa ingali mtini, pengine ingali maua, kwa bei duni na kwa neno la mdomo tu. Serikali imelikataza, na ina haki, kwani humfukarisha mkulima. Akilitimiza neno lake, watoto hukosa karo. Akilivunja, huitwa mwongo kijijini. Mwalimu akiwauliza wanafunzi wake unyofu uko upande gani, asishangae darasa likigawanyika.