Kamari na bahati nasibu Malawi: historia ya sheria na inavyomgusa mfanyabiashara wa Dzaleka na Lilongwe

Nchini Malawi mchezo wa kubahatisha ni halali pale tu unapoendeshwa na mwenye leseni. Kanuni hiyo ni fupi, lakini ilichukua zaidi ya miaka 60 kufikiwa, na hadi leo wafanyabiashara wengi wanaozungumza Kiswahili kati ya Karonga, Lilongwe na kambi ya Dzaleka hawajui inawalinda wapi na inawaacha wapi. Makala haya yanaeleza sheria ilikotoka, ofisi inayosimamia, na mambo ya kuangalia kabla ya kuweka dau au kufungua uwakala wa kubeti dukani kwako.

Mwanzo: kosa la jinai

Wakati nchi ikiitwa Nyasaland, kamari iliingia katika vitabu vya sheria kama kosa. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 1930 iliweka nyumba ya kamari katika kundi la kero kwa umma, na bahati nasibu isiyo na kibali ilikuwa marufuku. Msomaji wa Tanzania au Kenya hatashangaa, kwa sababu Tanganyika na Kenya nazo zilipata kanuni zao mwaka huo huo wa 1930 kutoka katika kiolezo kile kile cha ofisi ya makoloni mjini London. Ndiyo maana vifungu vya nchi hizi tatu vinafanana hadi kwenye maneno.

Aliyelengwa hasa ni mwenye nyumba. Mtu anayeruhusu watu wakusanyike kwake kucheza karata za pesa, huku yeye akikata fungu lake, ndiye aliyekuwa mkosaji mkubwa. Bawo, yaani bao la Wamalawi, halikuwa na shida, maana huchezwa kwa akili na kwa heshima ya mtaa. Njuga, neno la Kichewa la kamari, lilibaki na harufu ya uhuni, na halijaipoteza mpaka sasa.

Baada ya uhuru wa tarehe 6 Julai 1964 hali haikubadilika sana. Serikali ya Dk. Hastings Kamuzu Banda ilisimamia maadili ya raia hadi urefu wa sketi, kwa sheria ya mavazi ya 1973. Biashara ya kamari ya wazi kwa wananchi wa kawaida haikuwa na nafasi katika hali hiyo. Dzaleka yenyewe, katika wilaya ya Dowa, kiasi cha kilometa 45 kaskazini ya Lilongwe, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa katika miaka hiyo. Inaelezwa kwamba jina lake kwa Kichewa ni maneno ya aliyeadhibiwa, yaani "sitarudia tena".

1996: kutoka marufuku hadi leseni

Kura ya maoni ya tarehe 14 Juni 1993 ilimaliza mfumo wa chama kimoja, na Mei 1994 Bakili Muluzi alishinda urais. Biashara nyingi zilifunguliwa. Mwaka huo huo wa 1994 gereza la zamani la Dzaleka likafanywa kambi ya wakimbizi, ambao baadaye walikuwa hasa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda.

Mwaka 1996 Bunge likapitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha, na kutokana nayo ikaundwa Malawi Gaming Board, bodi ya kutoa leseni za kasino na mashine za sarafu, zile ambazo Watanzania huziita dubwi. Bahati nasibu ilipewa sheria yake na bodi yake, National Lotteries Board. Hivyo nchi moja ndogo ikawa na ofisi mbili za kusimamia bahati ya mtu. Mchezo wa tiketi za kuchanua namba ulikuwa wa ofisi moja, mashine ya pembeni yake ilikuwa ya ofisi nyingine.

Mgawanyo huo ulikuwa na usumbufu wake, lakini udhaifu mkubwa ulikuwa mwingine. Sheria ya 1996 ilimfikiria mchezaji aliyeingia ndani ya jengo, akanunua vibati kwa keshia, akacheza, akarudi kwa keshia yule yule kulipwa. Mkaguzi alijua mlango wa kubisha. Simu za mkononi zilikuwa zimeingia nchini mwaka mmoja tu kabla, na hakuna aliyewaza kwamba siku moja keshia atakuwa ndani ya simu.

Simu yabadilisha biashara

Airtel Money ilianza Malawi mwaka 2012, na TNM Mpamba ikafuata 2013. Kuanzia hapo dau dogo la mechi ya Ulaya halikuhitaji tena safari ya kwenda mjini. Kijana anayetazama mpira kwenye kibanda cha video anaweza kuweka mkeka wa timu saba bila kuinuka kwenye benchi, na mkeka ukichanika hakuna jirani anayejua. Faida kwa makampuni ilikuwa kubwa. Kwa familia zinazoishi kwa mtaji wa kuzungusha, pesa ya nyanya za kesho na pesa ya dau la leo zikawa zinakaa katika akaunti moja ya simu, na kutoka moja kwenda nyingine ni suala la kubonyeza namba ya siri. Wauza mitumba na vitenge wanalijua hili vizuri kuliko mwandishi yeyote.

Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Michezo ya Kubahatisha na Bahati Nasibu. Sheria hiyo iliunganisha bodi mbili za zamani kuwa mamlaka moja, Malawi Gaming and Lotteries Authority, inayojulikana kwa kifupi MAGLA. Michezo ya mtandaoni sasa ina mlezi anayejulikana. MAGLA ndiyo inayotoa leseni, ndiyo inayokagua, na ndiyo inayopokea malalamiko ya mchezaji. Mwenye umri chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Majirani walipitaje?

Tanzania ilikuwa na sheria ya 1967 ya bahati nasibu na michezo ya namna hiyo, kisha sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa ya 1974. Zote mbili zilifutwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, iliyoleta Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania. Kwa hiyo Tanzania iliunganisha mambo haya karibu miaka 20 kabla ya Malawi. Kenya iliendelea na sheria yake ya 1966 kwa muda mrefu mno, ikaingia nayo katika mgogoro mkubwa wa 2019 ambapo makampuni makubwa ya kubeti yalikosa leseni, na ikaibadilisha kwa sheria mpya ya mwaka 2025. Uganda ndiyo kali kwa umri: sheria yake ya 2016 inataka mchezaji awe na miaka 25.

Jambo la kukumbuka kwa anayevuka mipaka ni kwamba leseni haivuki pamoja naye. Kampuni moja inaweza kuwa na jina na rangi zile zile Mbeya na Lilongwe, lakini kila nchi ni leseni yake, sheria yake na mlango wake wa malalamiko. Mtu mwenye laini ya Tanzania aliyojiunga nayo Kyela, akaendelea kubeti nayo akiwa Karonga kwa kuwa mnara wa upande wa pili unashika, asitarajie MAGLA imsaidie tiketi ikikataliwa.

Tatizo la kitambulisho

Hapa ndipo msomaji wa Dzaleka anapaswa kusoma kwa makini. Usimamizi wa kamari wa siku hizi umejengwa juu ya swali moja: mchezaji ni nani? Sheria ya Uhalifu wa Kifedha ya 2017 inazitaka kasino, kama mabenki, zimjue mteja wao na kutoa taarifa za miamala yenye mashaka. Mwaka huo huo Malawi iliandikisha raia wake kwa vitambulisho vya taifa, na mwaka uliofuata usajili wa laini za simu ukaanza kutekelezwa kwa nguvu.

Mkimbizi hana kitambulisho cha taifa. Ana karatasi au kadi ya ukimbizi, ambayo si kila kaunta inaijua. Kwa hiyo wengi hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine: rafiki Mmalawi, mpangaji mwenzake, au wakala wa barabarani aliyeuza laini ikiwa tayari. Kwa kupokea pesa kidogo ya mauzo, mambo hupita. Tuchukue mfano wa mama anayeuza vitenge sokoni Dzaleka, ambaye mwanawe ametumia simu yake kuweka dau na dau likashinda pesa nyingi. Kampuni itauliza jina. Jina la kwenye laini si lake, wala si la mwanawe. Mbele ya sheria, mshindi ni yule ambaye jina lake limeandikwa, na pengine mtu huyo alishahama zamani kwenda Afrika Kusini. Hata afisa mwema wa MAGLA hana namna ya kumpa mama yule kitu ambacho hakuna karatasi inayoonyesha ni chake.

Kucheleweshwa nako ni hasara. Novemba 2023 kwacha ilishushwa thamani kwa asilimia 44, dola ikapanda kutoka kwacha 1,180 hivi hadi 1,700. Ushindi uliokuwa ukibishaniwa wiki ile ulipungua thamani kabla haujalipwa, na anayenunua mali Tunduma aliona tofauti hiyo mara moja.

Kuna na suala la kusafiri. Malawi ilipokubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti kuhusu kazi, uhuru wa kutembea na mambo mengine, na siasa yake ni wakimbizi wakae kambini. Amri za kuwarudisha Dzaleka zilitolewa mwaka 2021 na tena 2023, na Mei 2023 polisi waliwakamata watu mjini Lilongwe na maduka mengi yakafungwa. Kambi iliyopangwa kwa watu elfu kumi na kidogo sasa ina zaidi ya 50,000. Kwenda Lilongwe kudai tiketi bila ruhusa ya kutoka ni hatari nyingine juu ya ile ya kwanza.

Ukitaka kufungua uwakala

Baadhi ya wenye maduka huombwa waweke mashine mbili tatu pembeni au wawe mawakala wa kubeti, kwa makubaliano ya kugawana. Kwanza, dai kuona leseni ya kampuni yenyewe na hati inayotaja eneo lako; barua yenye nembo tu haitoshi. Mkaguzi akikuta mashine isiyo na kibali, anayekuwepo ni wewe. Pili, Sheria ya Leseni za Biashara ya 2012 inawabana wageni wafanye biashara katika miji mikubwa tu, kwa hiyo mgeni mwenye duka kijijini anaweza kuwa na kosa hata kabla mashine haijaletwa. Tatu, viwango vya kodi hubadilika pamoja na bajeti, na tangu 2022 mwaka wa fedha wa Malawi huanza tarehe 1 Aprili, si Julai kama Tanzania na Kenya. Uliza Malawi Revenue Authority kila mwaka mpya wa fedha.

Usichanganye pia kamari na upatu. Banki nkhonde ya Wamalawi na likelemba ya Wakongo ni akiba ya watu wanaojuana. Mpango unaoahidi kuzidisha pesa kwa kuleta wanachama wapya si upatu wala bahati nasibu. Watanzania walijifunza hilo kwa DECI, iliyofungwa mwaka 2009 baada ya kukusanya pesa za watu wengi, na viongozi wake wakahukumiwa 2013.

Mwenye malalamiko dhidi ya kampuni yenye leseni Malawi aanze kwa kampuni hiyo kwa maandishi, abaki na nakala, kisha aende MAGLA akiwa na tiketi au ujumbe wa simu wenye namba ya muamala, tarehe na saa ya dau, na kitambulisho chenye jina lile lile lililo kwenye akaunti. Ujumbe wa simu usiufute hata kama dau lilipotea, kwani kampuni ikibisha kwamba ulicheza, ujumbe huo ndio ushahidi pekee ulio mikononi mwako.